Usianze na Pikipiki, Anza na Oili

  Wewe kijana uliyeko barabarani, umechomeka spika moja sikioni huku umebeba abiria, tafuta kivuli usimame kwanza. Redio haikimbii, itakusubiri.

Leo nina jambo dogo ambalo likikaa vibaya linakula pesa kubwa. Duka lililowahi kukuumiza limepata mmiliki mpya. Bango limebadilishwa, ukuta umepakwa rangi, nje kuna spika mbili zinapiga muziki tangu asubuhi, na kitambaa kimefungwa kwenye nguzo: "Uongozi mpya, karibuni wateja wetu." Wewe umesimama ng'ambo ya barabara. Unavuka au huvuki?

Nazungumzia duka la pikipiki, kwa sababu ndilo lililoniumiza mimi. Jibu langu nakupa mapema, usije ukazima redio ukalikosa. Vuka. Lakini usianze na pikipiki, anza na oili. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Sasa nianze na kisa chenyewe. Mwaka 2021 mpwa wangu alitaka chombo chake. Alikuwa ameendesha cha tajiri kwa miaka miwili, kila jioni anapeleka hesabu, akiumwa hesabu inadaiwa, mvua ikinyesha hesabu inadaiwa. Wanakijiwe mnaelewa. Akaniambia, "Mjomba, nimechoka kumnenepesha mtu." Yeye alikuwa na pesa ya vikoba, mimi nikaongezea, tukaenda dukani hapa mjini Morogoro. Jina la duka silitaji, na halitanisaidia kitu. Tukahesabu zaidi ya milioni mbili pale mezani, tukapewa risiti, kofia ngumu moja, na kijitabu chenye kuponi tatu za huduma ya bure.

Wiki ya kwanza, raha tupu. Wiki ya pili, mpwa wangu kapeleka mtu Nyandira, kule Mgeta. Anayeijua barabara ile anajua kilima chake na kona zake, na anajua vijana wanavyoshuka nayo wamebeba magunia ya kabichi mpaka dereva haonekani. Akiwa anashuka, akahisi nyuma kunacheza, kama mtu anamvuta shati. Akasimama. Nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imelegea kiasi cha kuizungusha kwa vidole.

Pikipiki ya wiki mbili, msikilizaji!

Tukairudisha dukani. Fundi akaikaza, akasema dereva anaendesha vibaya. Tulipouliza kuhusu kadi ya usajili, tukaambiwa kesho. Kesho ile ilichukua miezi minne. Miezi minne kijana yuko barabarani, namba inayoanza na MC imefungwa nyuma, kadi haipo, na bila kadi leseni ya LATRA ya kubeba abiria huipati. Kila akimwona trafiki pale Msamvu anakata kona kama mwizi, na chombo ni chake kwa pesa yake. Huduma ya kwanza ya bure ilikuwa kumwaga oili na kutia nyingine, dakika tano, kwa heri. Ya pili tukaambiwa wenye kuponi wamekuwa wengi, turudi mwezi ujao. Hatukurudi. Nikaapa mbele ya mke wangu kwamba mguu wangu haukanyagi pale tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nashtuka hata nikiona rangi ya bango lao kwenye gari linalopita.

Lakini kuna kitu nilijifunza baadaye, na hiki ndicho nataka tukae nacho kidogo. Nilifundishwa na fundi wa chini ya mwembe, na huyu si fundi maiko, ni fundi kweli. Aliiinamia ile pikipiki, akaniita, "Mzee, njoo uone." Kwenye ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, upande wa kushoto na wa kulia, kuna alama ndogo ndogo zilizochongwa, kama za rula. Ukikaza cheni, gurudumu linatakiwa lisimame kwenye alama ileile pande zote mbili. Ya kwetu kushoto ilikuwa alama ya tatu, kulia ya tano. Gurudumu limekaa upande. Cheni inakula meno ya sproketi kwa ubavu, na tairi inalika upande mmoja. Akagonga spoku moja moja kwa bisibisi, ting, ting, tung, ting, tung. Zile zinazolia "tung" zimelegea. Akasema, "Hii haijaharibika. Hii haijawahi kufungwa vizuri."

Haijawahi kufungwa vizuri. Unajua maana yake?

Pikipiki nyingi zinazouzwa kwetu haziji zimesimama kwa magurudumu yake. Zinakuja ndani ya makasha. Usukani upande huu, gurudumu la mbele upande ule, betri kavu haijatiwa maji yake, vioo vimefungwa kwenye mfuko. Kiwanda kimefanya kazi yake huko India au China, lakini kuna kazi inayomaliziwa hapa, nyuma ya duka, na fundi mwenye spana mkononi. Kwa hiyo pikipiki mbili za kampuni moja, aina moja, zilizoshuka kwenye meli moja, zikifungwa na maduka mawili zinaweza kuwa vyombo viwili tofauti kabisa. Watu wanabishana vijiweni, Boxer au TVS, Boxer au TVS. Wabishane. Mimi ningeuliza kwanza: nani aliifunga, na nani aliikagua baada ya kufungwa?

Ndiyo maana mwenye duka ana uzito hata kama hajawahi kushika spana. Yeye ndiye anayeamua fundi apewe muda gani.

Haya. Mwaka jana nikasikia duka limeuzwa. Hapo tena kuna swali ambalo watu wengi hatuliulizi: limeuzwa vipi? Maana kuna kuuza na kuuza. Kuna mtu ananunua kampuni yenyewe, hisa zake, na cheti chake cha usajili cha BRELA ni kilekile. Huyo amenunua shamba pamoja na ugomvi wake wa mpaka. Kampuni kisheria ni kama mtu. Wenye hisa wamebadilika, lakini mtu ni yuleyule na madeni yake ni yaleyale. Ukiwa na risiti yenye jina la kampuni hiyo, bado una wa kumdai. Halafu kuna mtu ananunua bidhaa zilizomo, vifaa vya gereji, anachukua na pango la jengo, kisha anafungua kampuni yake mpya. Huyo amenunua jembe na mazao tu. Ugomvi wa mpaka umebaki na aliyeuza, na kwa kawaida huyo wa pili humdai chochote.

Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Rangi ni ileile mpya, spika ni zilezile mbili. Angalia risiti. Soma jina lililoandikwa juu kwenye risiti ya EFD na namba ya mlipa kodi, ulinganishe na ile ya zamani. Ukiwa na shaka, BRELA unaweza kuomba taarifa za kampuni kwa ada. Na dhamana ya pikipiki mpya mara nyingi imetolewa na mtengenezaji au mwagizaji mkubwa, duka ni wakala tu, kwa hiyo duka kubadili mikono si lazima kuwe kumeifuta. Soma kijitabu chako. Najua hakuna anayesoma kile kijitabu. Cha kwetu kilikuwa kinashikilia mlango usijifunge.

Niwapeleke Uingereza kidogo, halafu tutarudi Msamvu. Kule kuna pikipiki zinaitwa Norton, jina la tangu mwaka 1898, zilianzia Birmingham. Januari 2020 kampuni ile ikaanguka, na kulikuwa na watu walioshatoa pesa zao za awali na pikipiki hawajaiona. Mwezi wa nne mwaka huohuo ikanunuliwa kwa pauni milioni 16. Na nani? Na TVS ya India. Ndiyo, TVS hiyohiyo unayopanda hapo Msamvu kwenda Kihonda. Walinunua mali na jina, wakahamishia kazi Solihull, kiwanda kipya. Mwaka uliofuata wakafanya jambo ambalo lilinikaa kichwani. Walizikagua zile pikipiki kubwa za V4 zilizotengenezwa na wale wa zamani, wakatangaza hadharani kwamba zina kasoro za usalama zaidi ya 30, na wenye nazo wasiziendeshe.

Hebu fikiri. Umenunua jina kwa mamilioni, na tangazo lako la mwanzo mwanzo ni kwamba vitu vyenye jina hilo vinaweza kuua watu. Wateja walikasirika, na wangekosaje kukasirika? Pikipiki ya bei ile imekaa gereji kama pambo. Mimi sisemi wamefanya kila kitu sawa. Nasema tu kwamba mmiliki mpya ambaye anaweza kulisema kosa la duka lake kwa kinywa chake, huyo nina hamu ya kumsikiliza.

Turudi nyumbani. Jumamosi moja pikipiki ya mpwa wangu ikaanza kuteleza klachi. Unatia moto, injini inalia, chombo hakiendi. Zinahitajika pleti za klachi, na yeye zile za bei rahisi zimeshamchosha, anafunga leo, baada ya wiki chache zimekwisha. Fundi wa mwembe akasema, halisi utazipata kwa wakala. Mpwa wangu akanitazama. Mimi nikamtazama. Akasema, "Mjomba, mimi siingii." Akaenda kukaa kwa mama ntilie, ng'ambo ya barabara, akaagiza chai. Mimi nikavuka.

Kaunta nikamkuta binti. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Nikanunua pleti, nikapewa risiti bila kuiomba. Ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa nimekuja na ile risiti ya 2021 na kijitabu chenye kuponi mbili, nimeviweka mfukoni makusudi, kama mtu anayekwenda kumchokoza jirani. Nikaviweka juu ya kaunta. Nikasema, "Na hizi?"

Binti akamwita mwenye duka. Akatoka mama wa makamo, miwani kaining'iniza shingoni. Baadaye nikaambiwa alikuwa anauza spea Kariakoo miaka mingi kabla ya kuja huku. Akaisoma risiti, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Nikajiandaa kugombana. Akasema, "Baba, pesa hii sikuipokea mimi, na kampuni iliyoipokea siyo yangu. Nikikwambia nitakufidia, nitakuwa nakudanganya. Lakini hizi kuponi mbili, ufundi nitakufanyia bure. Oili utanunua."

Msikilizaji, ugomvi wote niliokuwa nimeubeba tangu nyumbani ukakosa pa kukaa. Nilichotaka kilikuwa kikubwa kuliko hicho. Nilichotegemea kilikuwa kidogo zaidi. Na alinipa jibu lenye mipaka: hili nalifanya, hili silifanyi. Angeniahidi kila kitu, ningetoka mbio.

Nikasema sawa, nianze na oili.

Wakaisukuma pikipiki nyuma. Na huko nyuma nikamkuta nani? Fundi yuleyule! Yule aliyesema dereva anaendesha vibaya. Nikageuka kumtazama yule mama. Nikamuuliza pembeni, kwa sauti ya chini, umebadilisha nini hapa kama mtu ni huyu? Akaniambia kwamba zamani mafundi walikuwa wanalipwa kwa pikipiki. Ukifunga moja, una chako. Ukifunga kumi, una mara kumi. Hakuna aliyekagua. Sasa wewe ungekaa unagonga spoku moja moja kusikiliza mlio? Yeye amewaweka kwenye mshahara, na kila pikipiki anaifunga mmoja, anaikagua mwingine, wote wawili wanasaini kadi ndogo inayofungwa kwa waya kwenye usukani.

Nikaiona kadi hiyo kwenye pikipiki mpya tatu zilizopangwa ukutani. Moja ilikuwa na saini moja tu. Nikauliza, hii vipi? Fundi akasema, "Hiyo bado, mzee. Haitoki."

Kisha nikakaa kwenye kigoda nikamtazama anavyofanya kazi. Aliiwasha kwanza injini ikapata moto kidogo, oili ilainike. Akazima. Akafungua nati ya chini, akatega galoni lililokatwa ubavu. Oili ikashuka nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi. Akaipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha: hakuna chembe za chuma. Akasafisha nati kwa kitambaa, akaangalia kile kiduara cha chini yake, hakukipenda, akaweka kingine. Halafu, bila kuambiwa, akainama nyuma akaangalia zile alama za kushoto na kulia. Mimi nilikuwa kimya. Sikutaka kumsaidia. Akazisoma, akarekebisha kidogo, akazungusha gurudumu, akazisoma tena.

Hapo ndipo nilipoagiza soda.

Najua kuna msikilizaji ananiambia sasa hivi, mzee umenunuliwa kwa soda na kuponi mbili. Hapana. Soda nililipa mwenyewe. Na wala sisemi mambo yote yamenyooka. Oili yao ni ghali kuliko ya dukani mtaani. Yule kijana wa getini bado anaongea na wateja kama anafukuza kuku. Spea zinachelewa: mwezi uliopita tulihitaji beringi za gurudumu la mbele, tukazungushwa wiki mbili. Siwapigii debe, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mwingine atauliza, kwa nini nijisumbue? Mji una mafundi, mji una maduka mengine. Ni kweli. Lakini fikiria upande wa pili wa kaunta. Kama yule mama anafunga pikipiki vizuri, anatoa risiti, anatoa kadi kwa wakati, na sisi wote tumekaa kwa mama ntilie tunamtazama kwa hasira ya mtu mwingine, atafunga duka. Atakuja wa tatu. Naye atakuwa amejifunza nini kuhusu kukaza nati hapa kwetu?

Ndiyo maana nasema vuka, lakini vuka na mzigo mdogo. Usianze na pikipiki, anza na oili. Ukiumia kwenye oili, umeumia kwa lita moja. Nunua plagi, nunua waya wa klachi. Uliza swali ambalo jibu lake unalijua, usikie watajibu nini. Omba kutazama kazi inavyofanyika. Akikuzuia kabisa, chai ya ng'ambo bado ipo. Kama kuna mtu amenunua pikipiki pale karibuni, usimuulize inakwendaje, maana pikipiki mpya zote zinakwenda. Muulize kadi ya usajili ilitoka baada ya siku ngapi. Na kama umeuziwa kitu kibovu au spea feki, iwe na mmiliki wa zamani au mpya, tunza risiti. Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Wasio na risiti wanakwenda pale na hadithi tu.

Na kusamehe? Yule aliyekula miezi minne ya mpwa wangu sijamsamehe, na sijui yuko wapi. Huyu mama si yeye. Nimechukua muda mrefu kulielewa hilo kuliko ninavyopenda kukiri hewani.

Mpwa wangu bado haingii. Ila tulipokwenda kwa kuponi ya mwisho, alivuka barabara na glasi yake ya chai, akasimama kizingitini, akachungulia zile mpya zilizopangwa ukutani. Akaniuliza, bila kuonyesha hamu, "Mjomba, zile kadi za kwenye usukani za nini?" Nikamwambia akamuulize fundi. Hajamuuliza. Kati ya zile beringi hatimaye imefika moja, ya pili wanasema Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Jumatano saa tano nitakuwa nimeshakaa pale kwenye kigoda.

 Na wewe uliyesimama kivulini na abiria wako, haya, washa twende, lakini kaikague kwanza ile nati ya nyuma.